Mji Unaofifia: Kufundisha Hadithi za Kutisha kwa Vijana

Kila mwalimu wa fasihi aliyekaa darasani miaka kadhaa amewahi kumnyang'anya mwanafunzi kitabu kilichofichwa chini ya dawati, na mara nyingi kitabu hicho huwa cha kutisha: mizimu, majini, wafu wanaotembea, damu ukurasa hadi ukurasa. Kitabu hutiwa katika mtoto wa meza, mwanafunzi hupewa adhabu, na somo la riwaya iliyoteuliwa huendelea mbele ya darasa linalopiga miayo. Siku hizi huenda kinachofichwa kikawa ni simu badala ya kitabu, lakini hadithi ni zile zile.

Makala haya hayadai kwamba kila hadithi ya kutisha inastahili kufundishwa. Nyingi hazistahili. Tunalotaka kueleza ni kwamba ipo aina moja ya hadithi hizo, iliyoshamiri hasa nchini Marekani, ambayo humpa mwalimu nafasi adimu ya kumwonyesha kijana namna watu wanavyotafuta wa kumlaumu pindi riziki yao inapokauka. Aina hiyo ni hadithi ya kutisha ya vijana ambayo mandhari yake ni mji mdogo unaofifia. Tutaieleza kwa mifano miwili na hadithi fupi moja, kisha tutasema namna tunavyopendekeza ifundishwe, pamoja na hatari ambayo mwalimu wa kwetu hana budi kuipima kabla hajaingia darasani. Itatulazimu kufichua miisho ya hadithi zenyewe. Mwalimu hawezi kufundisha asichokijua.

Tuanze na mji. Mwaka 1979 Wamarekani wapatao milioni 19 na nusu walikuwa wakifanya kazi viwandani. Mwaka 2000 walikuwa milioni 17 hivi, na kufikia mwaka 2010 walikuwa wamepungua chini ya milioni 12. Mji mkubwa huweza kustahimili pigo kama hilo kwa kuwa una shughuli nyingine. Mji mdogo uliojengwa kuzunguka kiwanda kimoja hauna pengine pa kukimbilia: kiwanda kikifungwa, duka la viatu hufuata, kisha mkahawa, kisha shule huunganishwa na ile ya mji wa jirani kwa kukosa watoto, na vijana wenye akili huanza kuhesabu miezi iliyobakia kabla ya kuondoka. Wanaobaki ni wazee wanaokumbuka mji ulivyokuwa, pamoja na watoto ambao hawakuuona ulivyokuwa na wamechoka kusimuliwa.

Waandishi wa hadithi za kutisha waliligundua zamani pengo hilo. H. P. Lovecraft aliandika mwaka 1931 juu ya Innsmouth, bandari iliyooza ya Massachusetts, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1936. Lakini hofu yake kubwa ni hofu ya damu zilizochanganyika, na sisi hatuoni sababu ya kuipeleka mbele ya watoto wa Kiafrika. Stephen King naye alijenga miji midogo ya jimbo la Maine katika riwaya zake za mwaka 1975 na 1986, ambamo watu wazima huyaona maovu kisha wakageuza nyuso zao. Vitabu hivyo ni vya watu wazima, na ni vinene mno kwa darasa. Mifano yetu tumeichagua kutoka miaka ya karibuni, kwa sababu iliandikwa au kutengenezwa kwa kuwafikiria vijana, na kwa sababu ndani yake kufifia kwa mji ndiko kunakoendesha hadithi nzima.

Mfano wa kwanza ni riwaya ya Adam Cesare iitwayo Clown in a Cornfield, iliyotoka mwaka 2020 na kupata tuzo ya Bram Stoker kwa riwaya za vijana. Msichana Quinn Maybrook anahama Philadelphia pamoja na baba yake, ambaye ni daktari, baada ya kufiwa na mama, nao wanafika Kettle Springs, mji wa kubuniwa katika jimbo la Missouri uliozungukwa na mashamba ya mahindi. Mji huo uliishi kwa kiwanda cha Baypen kilichotengeneza shira ya mahindi. Kiwanda kimefungwa. Kilichosalia ni chale Frendo, picha ya matangazo ya shira ile, ambaye uso wake wenye tabasamu bado umechorwa ukutani na bado hubebwa katika maandamano ya Sikukuu ya Waasisi wa mji.

Kabla hajamwagika damu mtu yeyote, mwandishi ametuonyesha mji uliopasuka vipande viwili. Upande mmoja wako watu wazima wanaotaka siku za kale zirudi. Upande wa pili wako vijana ambao furaha yao ni kutengeneza picha za video za mizaha, na ambao hawana haja na siku za kale wala na chale wake. Usiku wa karamu ya vijana shambani, Frendo anatokea na kuanza kuua. Kisha anatokea Frendo wa pili, na wa tatu. Zinapovuliwa barakoa, wauaji wanaonekana kuwa ni watu wazima wa mji wenyewe, akiwamo mkuu wa polisi na mwenye kiwanda, ambaye mwanawe ni mmoja wa wanaowindwa. Wamekata shauri kwamba mji haukuuawa na kiwanda kufungwa, bali umeuawa na kizazi kibaya, na kwamba kizazi hicho kikipunguzwa kama mkulima apunguzavyo miche iliyooza, mji utachipua upya. Katika filamu iliyotengenezwa mwaka 2025 na mwongozaji Eli Craig, miongoni mwa waliovaa barakoa yumo hata mwalimu wa shule. Hilo halikutufurahisha kuliona, lakini hatukuweza kusema kwamba haliwezekani.

Hapa ndipo ulipo uzito wa riwaya hii kwa ufundishaji. Msomaji aliyezoea hadithi za mizimu hutazamia kwamba mwishoni ataelezwa Frendo ni roho gani na alitoka kaburi lipi. Haelezwi, kwa kuwa hakuna roho. Kuna watu wazima wenye uchungu wa kweli juu ya hasara ya kweli, wakautwika uchungu huo kwenye mabega ya watoto waliokuwa karibu nao. Kwamba vijana wenyewe si malaika, kwamba mizaha yao humuudhi hata msomaji, kunaongeza thamani ya hadithi: lawama ya uongo hushika vizuri zaidi kwa mtu aliye na kasoro ndogo ya kweli. Tunakiri kwamba riwaya ina udhaifu. Wauaji huielezea nia yao kwa maneno mengi pale ambapo vitendo vingetosha, na baadhi ya watu wazima wamechorwa kwa mstari mmoja tu. Udhaifu huo nao ni somo, na mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuuona bila kusaidiwa.

Mfano wa pili ni filamu tatu za Fear Street, zilizoongozwa na Leigh Janiak na kutolewa mwezi Julai mwaka 2021, ambazo msingi wake ni mfululizo wa vitabu vya vijana ulioanzishwa na R. L. Stine mwaka 1989. Iko miji miwili jirani. Sunnyvale ni tajiri, safi na salama. Shadyside ni fukara, na kila baada ya miaka kadhaa mkazi wake mmoja hushikwa na wazimu na kuua wenzake. Wenyeji wa pande zote mbili huamini kwamba chanzo ni Sarah Fier, mwanamke aliyenyongwa kwa uchawi mwaka 1666, na kwamba laana yake ndiyo iliyoukausha mji. Filamu ya tatu inaturudisha mwaka huo wa 1666 na kutufunulia kwamba Sarah hakuwa mchawi. Aliyefunga mapatano na shetani alikuwa Solomon Goode, mwanamume aliyeheshimiwa, na kila kizazi cha ukoo wake kimekuwa kikitoa jina la mtu mmoja wa Shadyside ili ukoo ustawi. Sheriff anayewatuliza watu katika filamu ya kwanza ni mjukuu wa ukoo huo.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Amekulia katikati ya masimulizi ya tajiri aliyemtoa mwanawe kafara, ya misukule wanaolima usiku shamba la mtu mwingine, ya duka linalofyonza pesa za maduka jirani. Kwamba neema ya huku inanunuliwa kwa dhiki ya kule ni fikira aliyoipata nyumbani, na wenye kusoma historia wataikumbuka hoja ya Walter Rodney katika kitabu chake cha mwaka 1972, alichokiandika alipokuwa akifundisha Dar es Salaam. Hata hivyo mfano huu una mtego, na tungependa mwalimu auone. Mji ukiwa umefukarishwa na mapatano ya kishetani, basi hakuna tena haja ya kuuliza kiwanda kilihamia wapi, nani aliamua kihame, na kwa nini. Anauawa Goode, laana inakatika, na mambo yanakuwa mema. Riwaya ya Cesare haimpi msomaji njia rahisi namna hiyo. Hata wauaji wote wakifa, kiwanda hakifunguki. Ukiwalinganishia wanafunzi miisho hii miwili na kuwauliza ni upi unaosema kweli zaidi juu ya umaskini, mjadala hautaisha kipindi hicho.

Sasa tuseme juu ya hatari. Mwanafunzi wa Missouri anapofunga kitabu cha Frendo, hakuna jirani yake anayeogopwa kwa kuwa chale. Mwanafunzi wetu anaposikia neno mchawi, yamkini anamwona bibi wa nyumba ya tatu. Mauaji ya vikongwe yaliyotokea katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 yanajulikana kwa kila mtu: wanawake wazee walikatwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, nayo yaliwawia mekundu kwa moshi wa majiko waliyopikia maisha yao yote. Huko Kilifi, nchini Kenya, wazee wametuhumiwa na kuuawa, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kulikuwa na ugomvi wa ardhi. Kwa hiyo mwalimu anayepeleka darasani hadithi ya kutisha bila maandalizi anaweza kuthibitisha, kwa mamlaka ya shule, kile ambacho shule ilitakiwa kukihoji.

Tunasema hivi kwa kuwa kosa hilo tumelifanya sisi wenyewe. Tulipojaribu kwa mara ya kwanza kufundisha hadithi ya aina hii, tulianzia pale hadithi inapotisha zaidi, tukidhani kwamba tunavuta usikivu. Usikivu tuliupata. Lakini baada ya dakika 10 darasa lilikuwa limegeuka baraza ya kusimuliana habari za majini, kila mmoja akitaka la kwake liwe la kutisha kuliko la mwenzake, na wawili watatu wakataja majina ya watu wa mtaani kwao. Kipindi kilikwisha bila hata swali moja la fasihi kuulizwa, na majina yale yalikwisha kutajwa.

Tangu hapo tunafuata mpango mwingine: mji kwanza, lawama baadaye, dubwana mwisho. Na hadithi tunayoanza nayo si mojawapo ya zile mbili. Ni The Lottery ya Shirley Jackson, iliyochapishwa katika gazeti la The New Yorker mwezi Juni mwaka 1948 na kulifanya gazeti lipokee barua zaidi ya 300, nyingi zikiwa za hasira. Ni fupi, husomeka kwa sauti katika kipindi kimoja, na mwalimu anayejua Kiingereza anaweza kuwasimulia wanafunzi kwa Kiswahili pasipo kuhitaji nakala 40. Kijiji cha watu wapatao 300 kinakusanyika uwanjani asubuhi ya tarehe 27 Juni kupiga kura ya kila mwaka. Watoto wanaokota mawe. Wanaume wanazungumzia mvua na matrekta. Mzee wa kijiji anawadharau watu wa vijiji jirani wanaofikiria kuiacha kura, akiona kwamba kuacha desturi hiyo ni kurudi mapangoni. Mwishoni tunatambua kwamba aliyeshika karatasi yenye alama atapigwa mawe hadi afe, na kwamba imani ya kale iliyo nyuma ya jambo hilo inahusu mavuno ya mahindi. Hakuna jini wala mzimu katika hadithi nzima.

Tunasoma mpaka pale watu wanapoanza kuchukua karatasi sandukuni, kisha tunasimama. Wanafunzi wanaulizwa: watu hawa wanaishi kwa kitu gani? Wanaogopa kukosa nini? Nani katika kijiji hiki anaweza kusema hapana, na akisema itakuwaje? Majibu yanaandikwa ubaoni. Ndipo tunapomaliza. Ukimya unaofuata ni wa namna nyingine kabisa na ule wa hadithi za majini, na mara nyingi huvunjwa na mwanafunzi anayeuliza kwa nini mtoto mdogo wa mama yule naye alipewa vijiwe mkononi. Swali hilo mwalimu asilijibu. Alirudishe darasani.

Baada ya msingi huo, kipindi cha pili na cha tatu hutumika kwa Kettle Springs na Shadyside, tena kwa masimulizi. Filamu zote tulizozitaja ziliwekwa nchini Marekani katika daraja ambalo kijana aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kutazama bila mzazi au mlezi, nasi hatushauri zionyeshwe shuleni. Hasara si kubwa. Mwalimu wa Kiswahili ni fanani kabla ya kuwa mhakiki, na taharuki ya Frendo wa pili anayetokea pembeni mwa wa kwanza hufanya kazi yake vizuri kwa sauti ya mtu kuliko kwa skrini. Katika kusimulia, mwalimu ahakikishe kwamba anakaa sana mjini kabla ya kwenda shambani. Amtumie Quinn kama jicho la mgeni: mgeni huuliza ambacho mwenyeji amekwisha kuzoea, kwa nini mabango yanachunwa na mvua bila kubadilishwa, kwa nini watu wanamsujudia chale. Fear Street haina mgeni kama huyo, kwani wahusika wake wakuu ni wazaliwa wa mji ule, na wanafunzi wanaweza kupima tofauti inayoletwa na jambo hilo katika namna habari zinavyotufikia.

Kazi ya kuandika hufuata, na hapa mwanafunzi arudi kwao. Wanafunzi wa Muheza, Korogwe au Pangani wanaishi kati ya mabaki ya mji wa namna hii. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaota, ukajenga reli, makambi na maduka. Mwaka 1964 Tanganyika ilivuna zaidi ya tani 200,000. Kisha nyuzi za plastiki zikaharibu soko la dunia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, usimamizi ukalegea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani 20,000 hivi. Ingawa mavuno yameanza kupanda tena, magofu ya mitambo ya kuchakata mkonge bado yanasimama katikati ya vichaka. Kila mwanafunzi na aende kwa mzee mmoja aliyefanya kazi shambani, amwulize mambo mawili tu: siku ya mshahara mji ulikuwaje, na ulipoanza kufifia watu walimlaumu nani. Jibu la swali la pili ndilo malighafi. Wako watakaoleta bei ya soko, wako watakaoleta mameneja, wako watakaoleta watu wa kabila fulani waliohamia, na bila shaka yuko atakayeleta jini la kisimani.

Kutokana na jibu hilo mwanafunzi aandike hadithi ya kutisha isiyozidi kurasa nne, kwa masharti mawili. Dubwana lisionekane kabla ya ukurasa wa tatu. Na mahali fulani katika hadithi tusikie sauti ya yule anayelaumiwa, akisema kwa maneno yake mwenyewe. Sharti hili la pili ndilo gumu. Wengi hulitimiza kwa sentensi moja ya kujitetea, na insha hizo tunazirudisha ziandikwe upya. Katika kusahihisha tunatoa alama nyingi kwa mji kuliko kwa dubwana. Anayeeleza vizuri duka lililofungwa, lenye kufuli lililoshika kutu na jina la mwenyewe bado likisomeka juu ya mlango, amepata nusu ya alama zake. Wanaotaka kielelezo cha Kiswahili wanaweza kuangalia Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o ya mwaka 1977, ambamo kijana anarithishwa uchawi na baba yake, wakiisoma kwa swali hilo hilo: kabla ya uchawi, familia hii na kijiji hiki vilikuwa vimekosa nini?

Insha zikikusanywa, mwalimu azisome zote peke yake kabla ya yoyote kusomwa darasani. Itatokea insha moja, na imekwisha kututokea, ambayo ndani yake mtu halisi anatajwa kwa jina, mtaa wake ukatajwa, na miti iliyo mbele ya nyumba yake ikahesabiwa. Insha hiyo isisomwe mbele ya wengine wala isiachwe katika chumba cha walimu. Mwanafunzi aitwe faraghani, aulizwe taratibu habari hizo alizipata kwa nani, na kama mtu huyo anajua kwamba anasemwa. Endapo mwalimu ataona kwamba maisha ya mtu yamo hatarini, jambo hilo limetoka mikononi mwa fasihi, na mkuu wa shule na serikali ya mtaa hawana budi kuarifiwa siku ile ile.

Endapo sivyo, mwanafunzi arudishiwe karatasi yake, abadilishe jina na mtaa, kisha aandike upya ukurasa mmoja tu: jioni moja ya bibi yule, yuko jikoni kwake, moshi machoni, akisikia watu wakipita nje na kunyamaza wanapofika mlangoni pake.